Siku Asekenye Aliposema Chochote

Nyinyi vijana wa maiki za simu, karibuni mkae. Kila wiki mmoja wenu hupita hapa kwangu Nambale, ananiwekea kifaa masikioni na kuniuliza, "Mama, hii sauti iko sawa?" Mara nyingi haiko sawa. Mmerekodi jokofu. Mmerekodi upepo. Mmerekodi jogoo wa jirani, na katikati yao kuna mtu mdogo anayejaribu kusema kitu.

Mimi ni Consolata Nekesa, ingawa kutoka Busia hadi Malaba wengi hunijua kama Mama Maiki. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni ya kamera nikiwa nimeinua mti mrefu wenye maiki kwenye ncha yake, hedifoni masikioni, nihakikishe mtu akinena ananaswa. Nimenasa harusi, matanga, kwaya, wanasiasa, na miaka ya mwisho muvi. Nimeacha kwa sababu bega la kulia limekataa kuinua mti, na sikio la kushoto limeanza kusikia mbu ambao hawapo.

Aliyenifunza alikuwa Mzee Ouma, fundi wa redio aliyegeuka mpiga video wa harusi. Alikuwa akisema, "Picha mbaya watu huvumilia, hata husema ni ukungu. Sauti mbaya, mama yako mwenyewe ataondoka." Ukiwa naye hukuruhusiwa kugusa mashine kabla ya kukaa chumbani umefumba macho na kumtajia kila kilicholia. Saa ya ukutani. Bati linalopanuka kwa jua. Tumbo lako. Nilidhani ananichezea. Baadaye nilijua kwamba chumba kitupu hakijawahi kunyamaza tangu dunia iumbwe.

Harusi yangu ya kwanza bila yeye ilikuwa hapa hapa Nambale. Nilimbandika pasta maiki ndogo kwenye kola, ibada ikaenda vizuri, kisha maharusi wakatoka kupigwa picha na wakakawia mno. Pasta naye akatoka nje kunyoosha miguu. Nikasahau kuzima. Kanisa lote, spika zote, tukamsikia akimwambia mtu wa jikoni, "Ndugu, hawa wakichelewa tena, mimi nakula kabla ya maombi. Hebu nionjeshe hilo paja." Waumini walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Pasta aliporudi na midomo ikimetameta, hakuelewa kwa nini anashangiliwa. Kwa hiyo ninyi, mkishabandika maiki kwenye nguo ya mtu, mkumbukeni huyo mtu kama mnavyomkumbuka mtoto mliyemwacha sokoni.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho mnanidai kila mara, kile cha Asekenye na muvi ya ukuta. Nitawapa chote, kwa sababu siku hizi kinasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na wameniweka nikipigana na dairekta. Sikupigana na mtu.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja dairekta, Felix, alikuja Busia na kikundi chake kutoka Nairobi. Walikodi nyumba katika ule mtaa mpya ulio nje kidogo ya mji, wa majumba yenye ukuta mrefu, geti jeusi na nyasi zilizokatwa kama nywele za askari. Muvi yao ilikuwa ya kusumbua akili. Hakuna bunduki wala magari ya kukimbizana. Hofu inakuingia polepole tu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Sandra, mke wa tajiri, anaanza kusikia kugongwa juu ya dari mumewe akiwa safarini. Vitu vinahama mahali vilipokuwa. Anamshuku msichana wake wa kazi, Maria, kwamba anamroga. Mwisho kabisa ndipo mtazamaji anagundua kwamba mgongaji ni mume mwenyewe, hajaenda safari yoyote, anataka mkewe aonekane mwendawazimu ili nyumba ibaki yake.

Hadithi nzuri. Nilipoisoma niliangalia dari ya nyumba yangu kwa muda.

Siku ya kwanza, mmoja wa wakubwa wa kampuni yao alisimama kwenye zile nyasi akatuhutubia. Akasema muvi hii itaonyesha sura zote za nchi, kwamba wengine hupiga picha mpakani na kuleta watu wao wote, lakini wao wametupa sisi wa hapa nafasi. Tukapiga makofi. Kisha nafasi zikagawanywa. Sandra alitoka Nairobi, mumewe akatoka Nairobi, jirani mwenye mbwa na daktari wa akili pia. Sisi wa hapa tukapewa msichana wa kazi, mlinzi, mganga, na mwendawazimu wa sokoni. Mlinzi alikuwa Wandera, mwalimu wa hisabati. Iliwachukua asubuhi nzima kumfunza kusinzia, kana kwamba mwalimu wa hisabati hajui kusinzia.

Siku hiyo hiyo, kabla nafasi hazijatangazwa, alikuwa amekuja Imelda Asekenye. Alikuwa binti wa Amukura, kwa Wateso, na wakala wa forodha pale Malaba, wale wanaowasaidia madereva wa malori kupitisha mizigo mpakani. Akipita katikati ya foleni ya malori na sketi yake ya kazi, madereva wenye ndevu walikuwa wanazima redio. Tangu shule alipenda kuigiza, na alikuwa ameomba ruhusa kazini aje ajaribiwe nafasi ya Sandra. Alisoma ukurasa wa Sandra mbele ya Felix, nami nilikuwa nimesimama na mti wangu. Alisoma vizuri sana. Alipomaliza, hata yule mbwa wa muvi alikuwa ametulia.

Felix alikuwa na adabu, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Alimwambia, "Uko sawa kabisa, dada. Umenigusa. Lakini Sandra ni mtu wa esteti. Sauti yako ni ya... ya huku."

Asekenye akatazama ukuta, geti, nyasi. "Si esteti yenyewe iko huku, bosi?"

Felix akacheka, tukacheka wote, na Asekenye akapewa Maria, msichana wa kazi. Alikubali. Nilipomuuliza kwa nini amekubali, alinijibu, "Mama, kwa mlango wa nyuma pia unafika sebuleni."

Sasa nitoke kidogo niwafunze kitu. Katika nyumba ya watu mnayopigia muvi, jambo la kwanza ni kuzima jokofu, maana hilo ni nyuki ndani ya hedifoni. Na ukizima jokofu la watu, weka funguo za gari lenu ndani yake. Hamtaondoka bila kufungua jokofu, na mkilifungua mtakumbuka kuliwasha. Mzee Ouma alinifunza hilo baada ya kuozesha samaki wa watu. La pili, tundika mablanketi nje ya kamera, hasa kwenye majumba kama hayo yenye vigae, kwa sababu vigae hurudisha sauti kama mtoto mwenye kiburi. La tatu, subiri lori. Huku kwetu lori haliishi. Sikia breki zake zikipumua, hesabu pumzi, na ukisikia linaondoka, mwambie dairekta "sasa".

Basi tukafika ile sehemu ya jikoni. Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheusi ili ionekane usiku, ingawa nje ilikuwa mchana mtupu. Maria yuko jikoni anaongea na simu kwa sauti ya chini. Sandra amesimama nyuma ya mlango, anasikia lugha asiyoijua, anaamini anarogwa. Kwenye skripti maneno ya Maria yalikuwa haya tu: "Anaongea kilugha. Inatisha."

Asekenye akaenda kwa Felix na ile karatasi. "Bosi, hapa niseme nini?"

"Chochote."

"Chochote kama nini?"

"Yoyote, dada. Hesabu namba. Taja bei ya nyanya. Bora iwe lugha yako na uiseme polepole, kama unaficha kitu."

"Na anayesikia?"

Felix alikuwa anaangalia taa. "Nani atasikia? Watazamaji hawaelewi, na hiyo ndiyo raha yake. Wataogopa."

Asekenye akatoka nje, akasimama peke yake karibu na mapipa ya maji. Nilimwona midomo ikitembea. Wakamwita, akarudi, akachukua ile simu ya kuigizia. Mimi nikainua mti, maiki ikaning'inia juu ya kichwa chake. Lori lilikuwa linapanda barabarani, tukalisubiri. Nikasema "sasa".

Niwaambie kitu ambacho Felix hakukijua. Baba yangu ni Mkhayo, Mluhya wa hapa Nambale, lakini mama yangu alizaliwa Amukura. Kiteso ni maziwa niliyonyonya.

Nikasikia msichana akimwamkia mama yake kwa simu, "Yoga, toto." Kisha akasema, kwa ile ile sauti ya chini waliyoitaka: "Mama, huyu mwanamke hana wazimu. Ni bwana yake. Hajasafiri. Nimemwona na ngazi, anapanda juu ya dari anagonga. Nataka kumwambia, lakini nikifungua mdomo watasema mchawi ni mimi. Ameanza kuniogopa, na mimi nampenda, ananiitia chai. Niombee, mama, nipate pa kuanzia." Akanyamaza kama anayesikiliza. Akamalizia, "Eyalama noi, toto," yaani asante sana, mama. Akakata.

Nikaukaza mti usitikisike. Katika nyumba ile yote yenye taa na waya na watu, tulikuwa wawili tu tulioelewa kwamba muvi imesema ukweli wake katikati badala ya mwisho.

"Kata!" Felix akaruka. "Dada, umeniua! Hiyo imetisha mpaka kwa mifupa!" Yule mwigizaji wa Sandra alikuwa analia kikweli. Wote wakapiga makofi. Felix akanigeukia, "Mama Maiki, sauti?"

"Sauti ni safi," nikasema. Na ilikuwa safi.

Nilipokuwa nakunja waya, Asekenye akanijia. "Mama, wewe umesikia."

"Nimesikia."

"Utamwambia?"

Hapa ndipo kazi ilinishika shingo, vijana. Muvi haikuwa yangu. Ukimfanyia mtu kazi, hutoboi ndoo yake hata kama hupendi maji yake. Kwa upande mwingine, msichana aliambiwa aseme chochote, na katika yote aliyoweza kusema alichagua kumpa Maria akili na moyo. Nikamwambia, "Nitamwambia, kwa sababu ni haki yake. Yeye akiamua kukutoa, nitakutetea." Asekenye hakukasirika. Alisema tu, "Mwambie. Mimi sijaficha, nimesema kwa maiki."

Asubuhi nikamwendea Felix akinywa chai. Nikamwambia, "Felix, yale maneno ya Maria jana, unajua amesema nini?"

Akanishika bega kwa upendo. "Mama yangu, kilugha ni kilugha. Imetoka poa. Twende kazi, jua linapotea."

Nikarudia. "Ni vizuri ujue."

"Nitajua baadaye," akasema, na akaenda kugombana na mtu wa taa. Nikasema haya basi. Nimebisha, mwenye nyumba amesema yuko bafuni.

Muvi ikaisha, wakaenda nayo Nairobi kuikatakata na kuiunga, na miezi ikapita. Kisha Felix akapiga simu kwa furaha. Kabla ya kuionyesha mahali pengine popote, alitaka kuionyesha Busia kwanza, kutushukuru. Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa, mapazia yamefungwa. Walikuja mawakala wa forodha wote wa Malaba, madereva na turniboi wao wa kupakia mizigo, wachuuzi kutoka upande wa Uganda, wanafunzi wa Mwalimu Wandera waliotaka kumwona akisinzia, na gari zima la akina mama kutoka Amukura wakiongozwa na mama yake Asekenye, kitambaa kipya kichwani. Felix aliniketisha kando yake.

Mwanzo ulikwenda kama alivyopanga. Dari ikagonga, watu wakashikana. Mganga akatokea, watu wakapiga kelele. Kisha jikoni. Maria akachukua simu.

"Yoga, toto."

Nusu ya ukumbi ikaitikia. Mama yake Asekenye akaitikia kwa sauti kuliko wote, maana si yeye aliyepigiwa? Halafu yakafuata yale maneno mengine, na ile nusu ya ukumbi ikavuta pumzi pamoja. Mama mmoja akasimama juu ya kiti.

"Kumbe ni bwana! Mmesikia? Ni bwana na ngazi!"

"Amesema nini? Amesema nini?" wengine wakauliza. Jirani akamtafsiria jirani kwa Kiluhya, aliyeko nyuma akatafsiriwa kwa Kijaluo, mchuuzi mmoja akayapeleka kwa Kiganda upande wa dirishani. Kabla Sandra hajatoka nyuma ya mlango, ukumbi mzima ulikuwa unajua.

Felix akaninong'oneza, "Mbona wanapiga kelele? Hapo ni pa kunyamaza."

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, hadi ile ya chai. Nilifikiri ataamka azime mashine.

Hakuweza, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeanza kufanya kitu ambacho hakuwahi kukiona. Mume akarudi kutoka safari ya uongo, akamletea Sandra kikombe. "Usinywe!" watu wakapiga kelele. Mume akatabasamu. "Mwone, mwone!" Kila mara Maria alipofungua mdomo kumwambia Sandra neno, na Sandra akamgeuzia mgongo, watu walikuwa wanaguna kama wanaobeba gunia. Muvi ya Felix ilikuwa inauliza ni nani anayegonga. Sasa ilikuwa inauliza kama kuna mtu atamsikiliza Maria. Na ilipofika pale Sandra anampiga kofi Maria na kumfukuza getini, watu walianza kulia. Dereva mmoja mkubwa kando yangu alivua kofia yake akafutia macho.

Baada ya muvi tulitoka nje. Felix alimvuta Asekenye kando, mimi nikawafuata, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutetea.

"Umeniharibia mwisho," Felix akasema. "Miaka ya kuandika, dada. Siri yote, kwa simu moja!"

"Uliniambia niseme chochote."

"Nilidhani..."

"Ulidhani hakuna mtu." Asekenye hakuinua sauti. "Bosi, ulisema umetupa nafasi. Ni kweli, nilikuwa na nafasi kubwa, niko kwa muvi karibu yote. Lakini nilikuwa sina neno hata moja la kueleweka. Nikajiuliza, huyu Maria anaishi katika nyumba hii, anafagia chini ya dari hii, kweli hajui? Anajua. Sisi ndio hujua kwanza."

Felix akanigeukia. "Na wewe Mama Maiki?"

"Mimi nilikuja asubuhi, ukaniambia utajua baadaye. Leo ndiyo baadaye."

"Baadaye," Felix akarudia. Kisha, sijui ni uchovu au nini, alianza kucheka kidogo kidogo, halafu sana. Mama yake Asekenye akapita wakati huo huo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Kijana, muvi yako nzuri sana. Huyo bwana nilijua mapema! Wewe unaandika vizuri." Felix akasema asante, mama. Angesema nini tena?

Mambo yaliishia hivi. Alirudi Nairobi, akabishana na wakubwa wake, na walipoionyesha kule aliweka maandishi ya tafsiri chini ya picha ili hata asiyejua Kiteso asome anachosema Maria. Wengine walimlaumu kwamba ametoboa siri yake mwenyewe. Wengi walilia getini kama tulivyolia sisi. Mwaka uliofuata alirudi huku na muvi nyingine, ya mtaa ule ule. Safari hii alikaa na Asekenye mezani wakaandika pamoja maneno ya kila mtu, hadi ya mlinzi. Na mwenye nyumba alikuwa Asekenye, kwa sauti yake ya Amukura, akiamrisha daktari wa kutoka Nairobi avue viatu mlangoni. Mwalimu Wandera alikuwa jirani mwenye mbwa. Hakusinzia hata mara moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla bega halijanikatalia. Felix alikuwa amejinunulia hedifoni zake, kila siku anasikiliza ninachosikiliza, na kila neno asilolijua anasimamisha kazi aulize maana. Siku moja katikati ya sehemu nzito, mama mmoja akapita nje ya ukuta akipaza sauti kwa Kiteso. Felix akainua mkono. Watu wote wakasimama kimya, taa zinawaka, Asekenye ana machozi yaliyofika nusu ya shavu.

"Huyo mama amesema nini?" akaniuliza, macho yamemtoka.

"Anasema gari lenu limeziba njia yake," nikamwambia.

Felix akavua hedifoni, akatoka mwenyewe kulisogeza.